Nafasi ya Tatu

Fomu inataka barua mbili.
Chini yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
*ya tatu, ukipenda.*
Ukipenda. Neno hilo limeninyima usingizi siku nne
hapa Umoja, chumba cha pili kutoka tangi la maji.

Ya kwanza ni ya Mwalimu Nyaboke wa Kemia.
Ameeleza nilivyounguza meza ya maabara kidato cha pili,
nikarudi Jumamosi na msasa, nikaisugua
hadi ikawa nyeupe kuliko zote.
Ya pili ni ya Bwana Mutinda wa Hisabati, mistari tisa.
Alinisomea akiwa amesimama dirishani, bila kunitazama:
"Huyu huuliza kwa nini.
Ukimjibu vibaya, atauliza tena."
Mutinda hajui kusifu. Nilitoka pale nimejaa kama kibaba.

Kisha baba akaleta ya tatu.

Baba ni mlinzi Upper Hill, jengo la vioo, ghorofa kumi na nne.
Miaka kumi na mmoja amemwinulia mkono bwana wa ghorofa ya saba,
naye bwana akainua kioo cha gari.
Jumanne baba alivua kofia, akaomba.
Sijui aliombaje, sikuwepo.
Najua tu kofia ile haivui hata kwa mvua ya Aprili.

Karatasi nzito. Nembo ya dhahabu.
Inanukia sabuni ya mikono ya watu wasiofua.
"Namfahamu mwombaji kwa miaka mingi.
Ni mwadilifu, mwenye bidii na kipaji cha uongozi."
Hajapata kuniona.
Hata jina langu, Kerubo, ameliandika Kerubi,
nikawa malaika, bado mabawa.

Wafula wa saiba, aliyeskani shida za mtaa mzima, akasema:
"Tia, dada. Karatasi haijaua mtu.
Shilingi ishirini ukurasa."
Mwalimu Nyaboke, kwa simu, akipumua kama anayepanda ngazi:
"Chai imeshakolea. Maji ya nini tena?"
Mama hakusema neno mpaka sufuria zikaisha kuoshwa.
"Ukiitupa hiyo," akasema, "umemtupa nani?"

Usiku wa mwisho niliisoma tena.
Aya ya tatu, pengine mkono ulishachoka kudanganya,
bwana aliandika:
"Baba yake hufungua lango saa kumi na moja alfajiri.
Sijawahi kulikuta limefungwa."

Nikaiweka chini.
Katika ukurasa mzima ni sentensi hiyo tu
inayomjua mtu.
Na mtu huyo haombi chuo.

Nikarudi kwenye insha yangu.
Palipoandikwa *tangu utotoni nimetamani kuisaidia jamii,*
nikafuta. Nikaandika lango.
Nikaandika viatu vya baba mlangoni saa tisa na nusu usiku,
anavyovibeba mkononi hadi nje asituamshe,
na nilivyokuwa macho kila mara,
nikijifanya nimelala ili asijilaumu.
Sikutafuta neno kubwa. Nafasi ya tatu
nikaiacha wazi, nyeupe kama meza ile ya maabara.
Saa tano na dakika arobaini, bando ikikata roho,
nikabonyeza.

Barua ya bwana nimeitia kwenye bahasha ya kaki
pamoja na vyeti vya chanjo na risiti za karo.
Vitu havitupwi ovyo kwetu.

Saa tisa na nusu niliketi kitandani.
Baba akashtuka, viatu mkononi.
"Umetuma?"
"Nimetuma."
"Na ya bwana mkubwa?"
Mfereji wa nje ulidondosha mara tatu, nne.
"Maneno yake yamefika, baba."

Sikudanganya sana.
Akavaa kofia, akainyoosha kwa kioo cha kabati,
kile chenye ufa,
akaenda kufungua.